Pembe Yako Imelia Koyama

Mama,

Harusi ya mdogo wetu Amina imepita salama, na pembe yako imelia. Nakuandikia nimeketi kizingitini, miguu imevimba, moyo mweupe.

Tangu ututoke, kilichoninyima raha ni kimoja: nani ataongoza vugo, nyimbo zetu za harusini? Sisi tulizoea kuitikia tu. Wewe ndiwe uliyeanza, ukigonga pembe kwa kijiti, nasi tukakufuata. Kaka Bakari akasema tusijisumbue, atakodi spika Kismayo, zipigwe kanda zako. Nilikaribia kukubali. Lakini wewe na kanda hamkupatana kamwe. Walipokuita redioni Mogadishu wakataka Kisomali kitupu, uliwaimbia vizuri, kisha mwishoni ukachomeka ubeti wa Kibajuni, na huo ndio mabaharia waliouimba mpaka Mombasa. Jina likakua, watu wakakujua bandari zote. Wewe ukarudi kisiwani kwetu Koyama ukinung'unika kwamba kule studio hakuna hata mmoja aliyekuitikia.

Basi nikaishika pembe. Wanawake wamejaa uani, Amina yuko ndani na hina yake, na mimi naigeuzageuza pembe mkononi, sijaanza. Bi Fatuma, aliyeketi ubavuni mwako kwenye vugo tangu mkiwa wasichana, akanipiga kiwiko kama ulivyotupiga wewe tukichelewa, na neno lako lile lile la kwamba mtu hangoji kuambiwa: "Mchu hangoji. Anza."

Nikaanza, mama. Na unajua nilifanya nini? Kila nikikaribia mwisho wa ubeti, nikanyamaza kidogo. Beti zako nilizishikia jikoni. Ulikuwa ukiimba huku unakuna nazi, ukifika pale unakatiza uonje mchuzi, ndipo unamalizia. Nami nikaimba hivyo hivyo, pamoja na pale pa kuonja, mbele ya Koyama nzima! Bi Fatuma akaangua kicheko, akawaambia wenzake nimewaletea marehemu na chungu chake. Wakacheka, wengine wakafuta machozi, kisha wakaitikia mpaka Amina akachungulia mlangoni, jambo ambalo bibi harusi hafanyi.

Nimepumua, mama. Nilidhani tumekuzika pamoja na nyimbo.

Watu wa kisiwa cha Fuma nao wameniita harusini kwao, nami nitakwenda. Nakuahidi pembe haitatundikwa ukutani, na pale pa kuonja sitaparekebisha. Pumzika sasa, mama yangu. Mchuzi umekolea.

Mwanao,
Mwanakhamisi