Kibao cha Mama wa Kambini

Nyamiaga, Ngara

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku tu wazima. Bibi yako anavuna maharage na goti lake limetulia. Bango ulilotengeneza kwa kompyuta, lenye herufi zilizopauka kama za vibao vya zamani, nimeliona kwenye simu ya shangazi yako. Unauliza kama herufi zetu za zamani zilichakaa hivyo kweli.

Zilichakaa. Miaka ya wakimbizi nilikuwa kijana, fundi wa kuandika vibao hapa Ngara. Mama mmoja wa kambini aliniomba niandike jina la binti yake aliyepotezana naye njiani, tukakisimamisha kibao kando ya barabara. Kila rangi ilipopauka alirudi nipake upya. Nikamwambia, "Mama, mbona bado linasomeka?"

Akajibu, "Likipauka, wapitao watadhani nimeacha kumtafuta."

Nilipaka mara nne. Mara ya tano alikuja na msichana aliyemfikia begani, mwenye jina lile. Mimi nikachukua brashi kwa mazoea. Akanishika mkono.

"Acha, fundi. Sasa kichakae tu."

Katika vibao vyangu vyote, hakuna kilichochakaa vizuri kama kile. Bango lako linakikaribia.

Babu yako