Kabla Hamjalifukua Kaburi la Mama Yako

S.L.P. 41,
Kigoma.
9 Machi, 1976.

Mpendwa mwanangu Kibibi,

Leo natimiza miaka kumi na miwili tangu nilipoondoka Msambweni. Nakusalimu salamu nyingi, nikitaraji u mzima na kwamba homa ya mtoto imeshuka. Mimi sijambo, ila macho; kitabu sasa nakisoma kwa kukiinamia kama anayenusa mchuzi.

Barua yako ilinifikia Ijumaa. Waniambia barabara ya mahotelini itapita makaburini, na kwamba Jumamosi ya tarehe ishirini na saba mtawafukua maiti wetu mkawazike kwingine. Wataka nije niipokee mifupa ya mama yako. Kuna jambo lazima ulijue kabla ya siku hiyo.

Mama yako, dada yangu Mwanafatuma, ndiye mwanamke wa kwanza wa kwetu kusomea elimu ya wanyama. Alirudi kutoka Kampala akaanza kuwahesabu nguva, tangu Gazi hadi Shimoni, na kuwasihi wavuvi wasiwaue. Wakimtania sana. Mzee Jumbe alimwambia, "Binti Shehe, nguva wawahesabu wewe, wewe nani atakuhesabu?" Mama yako akacheka. "Nitakuandika wewe kwanza, baba. Tumbo ni lilo hilo!"

Mimi nilikuwa nikimshikia utepe wa kupimia. Siku moja aliweka mkono wangu juu ya pezi la nguva aliyekufa. "Bonyeza, kaka. Vidole vitano, kama vyako. Ila kucha hana."

Januari 1964 ngalawa yake ilirudi tupu. Bibi yako, mamangu, akaketi kizingitini akakataa chakula. Akasema hali mpaka amzike mwanawe. Siku ya kumi na moja bahari ikatupa mwili. Uso haukuwapo, na kuanzia kiunoni papa walikuwa wamemaliza. Kilichosalia ni kifua cha kike na kipande cha mkono.

Mwoshaji, Bi Mwanatumu, aliniita faraghani. "Seifu, hebu shika hapa."

Nikabonyeza. Vidole vilikuwa vitano. Kucha hazikuwapo, wala mahali pake.

Nikamwambia, "Mfunike."

Tukamvisha sanda, nikasimama safu ya kwanza, tukamswalia. Jioni hiyo bibi yako alikula.

Siku ya hitima, adhuhuri, maji yalipojaa, nguva mmoja alitoa kichwa karibu na ufuko, uso akauelekeza makaburini. Akaja siku saba. Watu walisema ni Mwanafatuma. Jumbe akakunja wavu wake, na tangu hapo hakuna mtu wa Msambweni aliyeua nguva. Mimi nilijua amemfuata nani. Arubaini ilipokwisha, nikaondoka. Bi Mwanatumu naye amekwisha kufa. Siri nimebaki nayo peke yangu.

Basi ashuke kaburini mumeo Mwero, asishuke mwingine. Mbavu za nguva ni nene, nzito kama mawe, atakayezishika atajua. Ukitaka kuwaambia watu, waambie, sikuzuii. Umemsomea Yasini mnyama miaka yote hii, na kosa ni langu. Lakini siku watakapojua, nyavu zitarudi majini, na kazi ya mama yako itazikwa kweli.

Nisalimie Mwero, mkweo Bi Kanze na watoto wote. Mola akupe moyo wa kuamua na usingizi baada yake. Jumamosi hiyo msiningoje. Mimi sirudi Msambweni.

Wako akupendaye,
Mjomba wako, Seifu