Tawi Nililoburuza Hadi Mlangoni Kwako

Baba,

Shikamoo yako utaniwia radhi, safari hii sikuibeba.

Barua hii siitii kwenye bahasha. Naiacha juu ya meza ya duka lako, nimeigandamiza kwa jiwe la mizani, asome yeyote anayejua kusoma. Kusema mbele ya mtu siwezi, unajua. Ulinicheka miaka yote kwamba nikiulizwa jina naangalia vidole vya miguu. Kuandika naweza. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa Kimatengo ni cha Bibi, sitaki kukichafua, na Kiingereza cha masista hukijui, ingawa kwenye barua zako ulijitia kukijua.

Unakumbuka uliponifundisha baiskeli? Ni mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia na malori yao, nawe ukabaki karani wa mizani ya ushirika isiyopima kitu. Wanawake waliokuwa wakichimba mashimo ya ngolo pale mteremkoni Mapera waliegemea majembe, wakakuuliza tangu lini mtoto wa kike anapanda chuma. Ukawajibu kuwa huyu ataendesha mpaka nchi za nje. Nilikupenda siku ile. Naliandika hilo kwa aibu.

Breki zetu zilikuwa za kutishia kuku tu. Ukanionyesha kukata tawi bichi, kulifunga kwa kamba nyuma ya baiskeli, liburuzike na kuizuia tunapoteremka. "Tawi halifunguliwi mpaka umefika," ulisema. "Mlima una ujanja."

Kisha ukaondoka na baiskeli yako. Vita vya Msumbiji vimekwisha, ulisema, nchi ya watu imefunguka, mwenye akili avuke. Barua zako nilimsomea Bibi kila Jumapili baada ya misa. Wareno uliokula nao mezani. Mto wenye viboko uliouvuka peke yako. Tulipouliza mbona stempu ni za kwetu, ukajibu kwamba wavuvi ndio wanaokuvushia barua. Bibi akatikisa kichwa kwa fahari: mwanawe ana mpaka wavuvi wa kumtumikia. Nami nikaamini, msichana mzima wa kidato cha pili.

Sasa Bibi haamki kitandani. Uji anaupokea kwa kijiko, na neno lake ni moja tu: mwanangu ameitwa? Mama alisema barua itachelewa. Nikasema nitakwenda mimi, na nadhani hilo ndilo neno refu kuliko yote niliyowahi kusema mbele ya watu wazima. Mjomba akaniazima baiskeli. Mwenyekiti wa kijiji akaniandikia barua ya kuvukia mpaka, akaipiga muhuri mara mbili ili wageni waheshimu.

Leo ndiyo siku ya kwanza. Nimetoka alfajiri. Mteremko wa kwenda Mbamba Bay nimeshuka na tawi lako, meno yakigongana, nikikariri salamu za Kireno ulizotuandikia. Mpango ulikuwa nilale Chiwanda, huku upande wetu wa mpaka, kesho nivuke. Kilima cha mwisho kabla ya Chiwanda nikalifunga tena tawi, nikashuka nalo, na kwa kuwa sikujua kama kuna mlima mwingine mbele, sikulifungua. Nikaingia nalo mchangani, kwenye tambarare kabisa, naburuza majani mbele ya watu wanaoanika dagaa.

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Mama mmoja akaja kunishika usukani, akasema, "Nyie Wamatengo mna nini na miti? Na yule wa dukani alikuja hivi hivi."

Nikauliza vidole vyangu vya miguu: yupi wa dukani?

Yupi, Baba. Yule mwenye sabuni na mitumba. Yule ambaye mpaka anausikia tu kwa wapita njia. Miaka minne ya nchi za nje, na nchi yenyewe iko safari ya siku moja kutoka kitandani kwa mama yako.

Mkeo wa huku amenipokea vizuri. Nimemwita mama mdogo, kosa si lake. Amenipa samaki, akaniambia umepanda lori asubuhi kufuata mzigo Mbamba Bay. Basi tulipishana. Nakumbuka lori moja lilinipigia honi, nami nikaangalia chini kama kawaida yangu. Wewe ulikuwa unaangalia wapi?

Ungekuwa mwizi ningekuelewa. Ungekuwa mlevi, ningekuombea. Lakini mtu mzima kukaa nyuma ya magunia ya mitumba anatunga viboko, amdanganye kikongwe anayemsubiri!

Naandika nyuma ya barua ya mwenyekiti, maana haina kazi tena. Jua limeegemea upande wa Malawi na karatasi inaisha. Kesho napanda kurudi. Tawi nimelifungua, liko mlangoni kwako. Mimi nimeshafika nilikokuwa nakwenda.

Bibi nitamwambia nimekuvukia mpaka, nimekukuta, na unakuja nyuma yangu. Sijawahi kumdanganya, naanza kwa ajili yako. Mlima ukikushinda kuendesha, isukume baiskeli. Sitakuwa na ujasiri wa kumtazama machoni nikirudia uongo huo siku ya tatu.

Mjukuu wa mama yako