Mguu Namba Arobaini na Tatu

Jumamosi, 4 Januari 2025

Mguu wangu ni namba arobaini na tatu. Sijawahi kumwambia mtu. Bibi anaona tu kwamba ni mkubwa, namba haijui.

Leo nimeulizwa mbele ya watu. Nikasema arobaini.

Ilikuwa soko la Mwanga, kwa Hamdani muuza mitumba. Alifungua belo la viatu vya michezo, akampigia simu dada Aikande. Dada Aikande ni afisa ardhi, amehamishiwa huku ziwani kutoka Moshi. Ndiye anayetufundisha mimi na Yunisi kuendesha baiskeli za mashindano tangu tumalize kidato cha nne. Baiskeli ni zake. Viatu kila mtu ajitafutie.

Navyo si viatu vya kawaida. Soli ni ngumu kama ubao, na chini kuna chuma kinachonasa kwenye pedeli. Vipya hatuviwezi. Vya mtumba vinatokea kwa bahati, na leo vilikuwa jozi mbili tu. Vyeusi, vimechakaa kisigino, 43. Vyeupe, visafi, 40.

Dada Aikande alinieleza namna ya kuchagua. Usifuate rangi. Jaribu jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa joto. Vaa soksi zile zile za barabarani. Vidole vicheze, kisigino kisicheze. Kinachobana kidogo sokoni kitakutesa ukifika mlimani.

Nilikuwa nanyoosha mkono kwenye vile vyeusi. Hamdani akaviwahi, akaviinua juu wauza nyanya wavione. "Hivi navyo, nani ana mguu huu mjini? Labda nimpelekee mlinzi wa bandarini." Mama mmoja akamjibu, "Vifunge makasia, tukavulie dagaa." Wakacheka. Dada Aikande naye akacheka.

Ndipo akaniuliza, "Kheri, wewe namba ngapi?"

Hamdani aliniwekea kipande cha boksi nikanyage, nijaribu. Nikasema sina haja. Nikakichukua cheupe nikakilaza kwenye mkono, kutoka kiwiko mpaka kwenye kifundo, kama wanavyopima akina mama wakimnunulia mtoto ambaye hakuja sokoni. Kilikuwa kifupi. Nikasema kimefika.

"Haya mdogo wangu. Ila mtumba haurudi," akasema Hamdani.

Jumapili, 5 Januari

Vinaingia — lakini vidole vinajikunja vyote, kama watoto waliokemewa.

Nimejaza matambara mabichi ndani, nikavianika uani. Ngozi ya juu imelegea kidogo, au najidanganya. Soli haikutikisika.

Bibi ameuliza ni vya nani. Vyangu. Akavitazama, akanitazama miguu. "Sawa. Na kisigino utamwachia nani?"

Nikacheka naye. Shuleni waliniita Mitumbwi miaka yote minne. Nimezoea kucheka kabla hawajacheka.

Jumanne, 7 Januari

Yunisi amerudi kutoka Ilagala, alikokwenda kumsaidia mama yake kuanika dagaa. Hata nyumbani kwao Buzebazeba hajafika, amepitiliza kwa Hamdani. Amekuta vyeusi tu. Amevichukua hivyo hivyo. Jumamosi dada Aikande anatujaribu kwenye barabara ya Kidahwe, na mashindano ya Tabora yana nafasi ya msichana mmoja.

Yunisi anavaa arobaini. Nilijua. Tumekaa dawati moja, tumeazimana kila kitu isipokuwa viatu. Nilijua hata pale sokoni, nilipokuwa nimeshika vile vyeupe mkononi. Nilijiambia hayupo, atapata vingine. Vingine vipi?

Amejaza sponji ya godoro mbele, akanionyesha. Anasema akichoka kuendesha atapakia abiria humo ndani. Mimi nilicheka. Nilicheka sana kuliko yeye.

Alhamisi, 9 Januari

Mazoezi ya asubuhi. Kisigino cha Yunisi kinapanda na kushuka ndani ya kiatu, soksi imeshatoboka. Vidole vyangu vimekufa ganzi kabla hatujamaliza hata kilima cha kwanza.

Tulipopumzika alisema, "Hebu nijaribu vyako, mara moja tu." Alikuwa ameshainama kunifungua.

Nikavuta miguu. Nikasema nina fangasi.

Fangasi! Nimeona bora fangasi kuliko arobaini na tatu. Yunisi akasema pole, mama yake ana dawa, ataniletea.

Jumamosi, 11 Januari

Sijui nianzie wapi.

Yunisi ni mwepesi kuliko mimi. Kwenye mlima huwa simwoni. Leo nilimpita pale pale kwenye mlima. Alikuwa anapambana na kiatu, si na barabara: akikanyaga, mguu unatangulia, kiatu kinafuata. Nilipompita aliniambia, "Nenda, nenda." Nikaenda. Vidole vilikuwa vinawaka moto na nilikuwa na furaha. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya vidole. Nilikuwa na furaha kabisa.

Kidahwe nilifika wa kwanza. Dada Aikande alikuwa amesimama na gari, ananipigia makofi. Yunisi akatokea nyuma yangu, akafunga breki ili ashuke.

Ili uchomoke kwenye pedeli unageuza kisigino nje. Yunisi aligeuza. Kisigino kikageuka ndani ya kiatu, kiatu chenyewe kikabaki kimenasa. Akaenda chini pamoja na baiskeli, polepole, huku anatutazama. Alijikinga kwa mkono.

Mfupa haujavunjika. Kifundo cha mkono kimeteguka, kimevimba kama andazi. Dada Aikande akakifunga kwa ushungi wangu wa akiba. Akamkaripia kwa nini anaendesha na viatu vya mtu mwingine. Yunisi akasema ndivyo vilivyokuwepo.

Kisha dada Aikande akasema Tabora nitakwenda mimi. Akanisifu: Kheri alisikiliza maelekezo, akachagua kiatu cha mguu wake. Angalieni faida yake.

Ule ulikuwa ndio wakati wa kusema. Wote watatu tulikuwa pale. Nilifungua mdomo, nikaomba maji.

Kwenye gari Yunisi alinilalia begani. "Hongera, mwenzangu. Ubaya ni hii miguu yangu midogo. Ningekuwa na mguu kama wa mwanaume ningefika mbali."

Nilitazama dirishani mpaka Ujiji.

Jumapili, 12 Januari

Kucha za vidole gumba zimekuwa nyeusi. Bibi ameziona wakati natawadha. Nikamwambia nilijikwaa. Miguu yote miwili? Ndiyo, yote miwili. Akanipaka mawese ya moto. Afadhali angetania.

Jumatatu, 13 Januari

Yunisi yuko uani na bibi, wanakula. Amekuja kwa miguu, mkono umefungwa kwa kanga. Ameniletea dawa ya fangasi.

Ameleta na viatu vyeusi, kwenye mfuko. Anataka nivichukue Tabora, huenda kukawa na mwanaume wa kuvinunua au kubadilishana naye. Hamdani kavikataa. Bibi akamuuliza kama hataendesha tena. Yunisi akasema, "Kwa viatu gani, bibi? Baiskeli nimemwambia dada Aikande ampe mtu mwingine." Alisema huku anachambua samaki kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayesimulia habari za jirani.

Nikasema naupeleka mfuko chumbani. Nikafunga mlango.

Nimevivaa. Nilitaka kupima tu. Vidole vyote vinacheza. Kisigino kimetulia. Sikujua kwamba kiatu kinaweza kuwa kimya hivi mguuni. Vyeupe viko chini ya kitanda, na nikivitazama vimekaa kama vya Yunisi, vidogo, vyembamba. Ni kutoka na jozi hizi mbili mpaka uani, basi. Hatua chache. Akivaa vyeupe ataendesha mkono ukipona. Na nafasi ya Tabora atakuwa ameshajua ilikwendaje.

Anaita. Anauliza kama mfuko umenimeza. Bibi anacheka.

Mikanda ya viatu hivi ni ya kubandua, inalia kraa. Nikivivua watasikia. Nikitembea, chuma kitagonga sakafu. Nimekaa kitandani, miguu nimeinua juu, naandika.

Anasema anakuja mwenyewe, nisijifiche na fangasi wangu. Nasikia kandambili zake kwenye korido. Mlango sikuufunga kwa komeo.

Haya niliyokuandikia, daftari langu, usimwambie mtu. Nimwambie mimi. Na nisipomwambia — usimwambie wewe pia, tafadhali, ka—