Marahaba ya Baba

Katindiuka, Ifakara
12 Juni 2022

Mpendwa Shangazi Konsolata,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Njombe? Natumaini magoti nayo yamekupa nafuu. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo haujatulia.

Baba amelazwa. Ilianza kama mafua, ikashuka kifuani, na daktari anasema ni nimonia ya virusi. Chumba cha wagonjwa mahututi kimejaa, kwa hiyo yuko wodi ya kawaida. Amevishwa barakoa ya plastiki inayobana pua na mdomo, imefungwa kwa mikanda kisogoni, na mashine ndogo kando ya kitanda inamsukumia hewa. Nesi Jihan ananiambia kwamba barakoa ikikaa sawasawa, Baba anaweza kuvuka bila kuingizwa bomba kooni. Ikiachia, hewa inapotea pembeni na mapafu yanazidiwa.

Shida, Shangazi, ni salamu. Unamjua mdogo wako. Tunaingia mmoja mmoja, lakini kila anayeingia anamwamkia, na Baba anavuta barakoa ili aitikie. Hawezi kumwacha mtu hivi hivi. Sasa nasimama mlangoni, mimi niliyezoea kukaa kimya nyuma ya meza ya ofisi, nawaomba watu wazima wasimsalimie. Jirani yetu Mama Beatus aliniuliza, "Karani, siku hizi na salamu nazo zinagongwa muhuri?" Sikuweza kucheka.

Jana alifika Baba Mdogo Polikarpo kutoka Uchindile. Nilimweleza mlangoni, akakubali. Alipofika kitandani mdomo ukamshinda.

"Kaka, shikamoo."

Baba akavua. "Marahaba. Mahindi huko yanasemaje?"

Naye akaanza kumweleza habari za mahindi. Hajafika mbali, midomo ya Baba ikageuka rangi na mashine ikaanza kulia. Nesi Jihan alikuja mbio, akairudisha barakoa na kuishikilia kwa mikono miwili mpaka pumzi zikatulia. Mimi nilikuwa nimekimbilia ndani kutoka mlangoni, nimeshika miguu ya Baba tu, sijui kwa nini miguu.

Sasa Baba Mdogo anataka kumchukua. "Mtu asiyeruhusiwa kumwitikia ndugu yake mmeshamzika," ameniambia. "Nyumbani atapumua hewa ya Mungu." Najua naye anaogopa. Lakini nyumbani hakuna mashine, na nimeona kwa macho yangu inavyokuwa barakoa ikitoka.

Mimi ni mtoto kwake, hanisikii. Anasema atangoja neno lako, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa wao. Simu yako haipatikani, ndiyo maana nampa barua hii Viktor, dereva wa lori la mchele. Tafadhali, azima simu hata ya jirani umpigie. Mwambie amwache Baba pale alipo.

Nisalimie Frida na wanawe, na Mjomba Evarist. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Ukiweza kuja, njoo. Ila kuna jambo linanitisha. Wewe ni dada yake. Akikuona tu mlangoni, yeye ndiye atakayeinua mkono avue barakoa, akuamkie. Mwahi, Shangazi. Itikia marahaba kabla hajasema kitu.

Ni mimi binti wa kaka yako mdogo, nikupendaye na kukungoja,

Careen