Kwa Kocha Saynab Korane, Aliyeondoka Uwanjani Kabla ya Penalti

Abaayo Saynab, dada yetu, leo umetimia mwaka tangu tukuzike hapa Bura, na hasira yetu kwako bado haijaisha.

Viatu vyako vya mpira uliviweka jikoni karibu na unga. Filimbi hukuivua hata ukipika anjera, na anjera ziliungua kwa sababu ulikuwa mlangoni, ukimfundisha mtoto wa jirani kupiga mpira kwa mguu wa kushoto.

Ulicheza beki miaka tisa, Garissa kisha Nairobi, ukiwa na hijabu na suruali ndefu. Goti lilipoharibika tulidhani utatulia. Ukarudi nyumbani ukakusanya wasichana ishirini.

Kila msimu ulipita nyumba kwa nyumba kuwaomba mama zao ruhusa. Ahadi yako ilikuwa moja: kabla ya Maghrib, kila msichana atakuwa kwao.

Ndiyo iliyotuponza kwenye fainali ya Garissa. Mgeni wa heshima alichelewa, mechi ikachelewa, mkatoka sare mbili kwa mbili. Zilibaki penalti tu. Wewe ukatazama jua, ukawapandisha wasichana kwenye gari.

"Wallahi, Saynab, dakika kumi tu!" kaka yetu Abdirahim alikusihi.

"Dakika kumi ni zako. Ahadi ni yangu."

Kombe wakapewa wengine. Abdirahim hakusema nawe wiki nzima. Mimi pia nilinuna, ila hakuna aliyegundua, maana huwa sisemi.

Halafu ulipougua, filimbi ukanipa mimi, mdogo wako, niliyeacha shule darasa la sita na ninayeona haya hata kuitikia salamu. Ulikosa mtu mwingine?

Baada ya mazishi, mama zao waliwazuia wasichana wote. Timu ilikuwa inakufa. Nikaenda kwa Mama Ayan, kwa kuwa Ayan ndiye kipa.

"Saynab hayupo. Nani atanirudishia binti yangu kabla ya Maghrib?"

"Mimi."

"Wewe? Kumbe unaongea!" Alicheka, kisha akanitazama sana. "Haya. Mchukue. Lakini kabla ya Maghrib."

Mwezi uliopita tulikuwa Garissa tena, fainali tena, sare tena. Nikatazama jua.

"Kocha, dakika kumi tu!" Ayan alilia.

Nikapuliza filimbi. Nilikunung'unikia wewe njia nzima. Tulipofika Bura mama zao walikuwa wamesimama nje, na adhana ilikuwa bado.

Asubuhi Mama Ayan alikuja na binti yake mdogo. "Huyu pia," akasema, akaondoka.

Kombe hatuna, abaayo. Wasichana sasa ni thelathini na mmoja. Umeridhika?

Tunaokukumbuka ni baba yako Mzee Korane, mama yako hooyo Weris, kaka yako Abdirahim, mimi mdogo wako Hamdi, na timu yako yote. Allah akupe Jannah. Tutakukumbuka kila jua linapoanza kushuka.