Kabati Halikuwa Tupu

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumai u mzima na lile goti limeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Mama ana kikohozi kidogo tu, na mimi nimezidi kunenepa, mlango wa bafu sasa naupita ubavu ubavu.

Kaka, juzi tulikusikiliza redioni ukieleza historia ya kikundi chetu cha vichekesho. Mama alinyamazisha nyumba nzima, hata feni akaizima. Ukasimulia vizuri jinsi tulivyoanzia kwenye karakana ya seremala, na ule mchezo wa hakimu aliyeihukumu mvua kwa kuchelewa kazini. Mtangazaji akakuuliza kuhusu kabati la jukwaani. Wewe, bila hata kukohoa, ukajibu kwamba lilikuwa tupu, na kwamba watu walikuwa wakiucheka utupu. Mimi hukunitaja kabisa.

Tupu! Miaka ishirini nimekunja magoti humo nikinusa dawa ya mende, leo mimi ni utupu? Mwili wote huu? Mama alizima redio, akaniuliza kwa upole: kumbe miaka yote ile nilipoaga naenda kazini, nilikuwa naenda wapi? Chakula kilinishinda, Kaka. Nawe unavyojua mimi na chakula!

Basi nikamweleza tuliyokubaliana kuyaficha. Kwamba onyesho la kwanza niliwaogopa watu nikajificha kabatini, nawe ukasahau maneno yote, ukanifuata humo kichwa kichwa, nikakunong'oneza. Ukumbi ukaangua kicheko, wakadhani ndio ufundi wenyewe. Tangu hapo kila ulipokwama ulifungua mlango, ukaingiza kichwa, ukatoka na maneno. Hujawahi kumaliza mchezo bila mimi. Hata mmoja! Magazeti yakakuita bingwa wa kuongea na fanicha. Fanicha yenyewe ikapanda basi kurudi nyumbani.

Mama hakucheka. Alisema tu kwamba sasa nitoke humo ndani.

Kwa hiyo mwaliko wako wa kuingia tena kabatini siku ya maadhimisho ya kikundi nimeupata, na jibu ni hapana. Nitakuja, lakini nitakaa safu ya mbele, kando ya Mama. Ukikwama, usihangaike na mlango. Humo hamna mtu, kama ulivyotangaza. Nigeukie, uniite kwa jina langu, kwa sauti, ukumbi mzima usikie. Maneno nitakupa. Bado ninayo yote.

Msalimie shemeji na watoto. Mama anasema goti ulikande kwa maji ya moto.

Mdogo wako, bado nina hasira,

Kabati